Wifi na Barua ya Ijumaa

Wifi yangu ni mzuri, tuanze na hilo tulimalize. Meno yake yamepangika, ana kazi ya kompyuta kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na akiingia kanisani nusu ya kwaya inapoteza sauti. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho yeye hakuwa nacho: barua ya Ijumaa.

Kila Ijumaa asubuhi niliketi kwenye ofisi ya kanisa, kati ya kabati la vipaza sauti na ndoo ya kukingia dari linalovuja, nikawaandikia washirika wote barua pepe. Nani atahubiri, usafi ni zamu ya kina nani, matengenezo ya jenereta yamefikia wapi. Nilianza na "Wapendwa washirika", nikamaliza na mstari wa Biblia, nikabonyeza, ikaenda. Sokoni waliniita Mama Barua. Mume wangu alilicheka jina hilo, lakini mimi lilinikaa vizuri kama nguo ya kushonesha.

Basi siku moja mchungaji akasimama kikaoni akasema barua yetu imechoka. Imechoka! Mimi niliyeiandika nimekaa pale pale, sijachoka. Akasema wifi amejitolea kuiboresha, atatuhamishia kwenye huduma ya kisasa iliyotengenezwa kwa ajili ya makanisa. Tutaijaribu kwanza, kisha yeye mchungaji ataamua barua ibaki mikononi mwa nani.

"Usijali, wifi," aliniambia huku akivuta kiti, kiti changu mimi. "Maneno yatabaki yako. Mimi naivalisha tu."

"Na hiyo niliyoivalisha mimi ilikuwa uchi?"

"Wifi naye kwa maneno!" Akacheka. Na kicheko chake nacho kizuri, hapo ndipo panapoudhi.

Roho iliniuma, sitaki kudanganya. Akaweka picha za kwaya, akaweka mahali pa kubonyeza usikilize mahubiri, akaipanga barua isomeke vizuri kwenye simu. Watu waliokuwa hawanisalimii wakaanza kumsifu yeye mbele yangu. Kibaya zaidi, huduma ile inaonyesha nani amefungua barua na nani ameipita. Akanigeuzia kompyuta nione. Wengi walikuwa wameipita.

"Si kosa lako, wifi," akasema taratibu, kama muuguzi. Afadhali angenizomea. "Hawa ambao hawafungui tutawaandikia barua yao, kila mmoja kwa jina lake. Mashine inaweka jina yenyewe."

Barua hiyo ilipotoka, nilikaa nikazipitia nakala moja moja kwa hamu ya kukuta kosa. Nikalikuta. "Baba Kinanda, tumekukosa," ilisema. "Ibada bila wewe haijakamilika. Njoo Jumapili, nafasi yako bado ipo."

Baba Kinanda alikuwa mpiga kinanda wetu, na tulishamzika. Mkewe hakuwahi kuwa na anwani yake ya barua pepe, akabaki anatumia ya marehemu, kwenye simu ile ile. Kwangu mimi haikuwa na shida, maana "Wapendwa washirika" haimtaji mtu, hai wala maiti. Wifi ni mgeni katika kanisa letu. Aliliona jina, akalituma.

Mungu atanisamehe baadaye; wakati ule nilifurahi mpaka nikasimama. Kumwambia mchungaji peke yake hakukunitosha. Nilitaka mjane mwenyewe awepo, wifi amwangalie usoni.

Nilimkuta Mama Kinanda amekaa mlangoni kwake, simu mapajani, macho mekundu.

"Shikamoo, mama. Barua umeiona?"

"Marahaba. Nimeiona. Kaiandika nani?"

"Twende ukamwone."

Akajifunga kitambaa kichwani. Njia nzima nilimshika mkono nikimpa pole, na kila pole niliiona tamu mdomoni.

Tuliwakuta mchungaji na wifi ofisini. "Mchungaji," nikasema, "haya ndiyo maboresho yenyewe." Nikaifungua barua kwenye kompyuta, nikaisoma kwa sauti, kuanzia jina mpaka nafasi bado ipo. "Na huyu ndiye mjane wake," nikamalizia. Mchungaji akainamisha kichwa. Wifi alitazama simu mkononi mwa mama, akamtazama mama, akaelewa. Machozi yakamtoka. Hata kulia analia vizuri.

"Mama, sikujua. Nisamehe, mama yangu."

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

Mama Kinanda akaketi, akaiweka simu mapajani. Mimi nikasubiri.

"Tangu tumzike," akasema, "hakuna aliyelitaja jina lake mbele yangu. Mkiniona mnaongelea mvua. Mnaogopa nitalia. Haya, nimelia. Nimeisoma mpaka simu ikaisha chaji. Nilidhani ninayemkosa ni mimi peke yangu, kumbe na ninyi."

Hii siyo kesi niliyoileta. Nikaona mambo yananiponyoka, nikayadaka. "Lakini mama, hiyo ni mashine tu imeweka jina. Haikujua kwamba amefariki."

"Najua amefariki, mwanangu. Nilikuwepo."

Mchungaji akakohoa. Nikamwuliza mama, na sijui nilitaka nini kwa kuuliza, "Na zile za zamani je? Za kila Ijumaa?"

"Zile za jenereta?" Alinitazama bila ubaya wowote. "Zilikuwa zinakuja. Sikuzifungua."

Akamwomba wifi kama inawezekana jina la mumewe lisifutwe kwenye orodha. Wifi akasema inawezekana, akapiga magoti pembeni ya kiti, wakashikana mikono. Mchungaji alikuwa anamwangalia wifi, na sikuhitaji kikao kunieleza barua ya Ijumaa imekwenda kwa nani. Niliona wivu, nikaegemea kabati.

Ndipo Mama Kinanda akaniita kwa mkono. Akakishika kiganja changu, akakibana kwa nguvu alizokuwa nazo zote.

"Na wewe asante, mwanangu," akasema. "Usingenileta, ningejuaje wa kumshukuru?"