Mwenza wa Mazoezi

Chuoni kwetu, mazoezi ya kutoa damu tulifanyiana sisi wenyewe, wawili wawili. Darasa zima mweusi nilikuwa mimi tu. Mwalimu akisema "tafuteni wenza," wenzangu walikuwa wameshapatana, nami nabaki na mkono wa plastiki.

"Usinune, Kiza," jirani yangu wa dawati aliniambia. Jina hilo walinipa wao, eti utani. "Kwako mishipa haionekani. Nitakuumiza bure."

Nikacheka. Mwaka mzima nilicheka mpaka mashavu yakachoka. Mshipa hutafutwa kwa kidole, si kwa macho, tumefundishwa wote, lakini nani ana nguvu za kubishana kila siku?

Mtihani ulikuwa wa mgonjwa halisi. Ukishindwa, unafungasha virago. Na mama alishatangaza mtaa mzima kwamba ana daktari, ingawa nasomea uuguzi. Basi nikajikaza kisabuni. Nilijifungia bafuni, nikafunga mpira wa kubana mkono kwa meno, nikajidunga mkono wa kushoto. Siku za mwanzo nililia. Baadaye machozi yakakata, na hapo ndipo nilipoogopa, maana sindano ilikuwa kitu pekee nilichokihisi kutwa.

Siku ya mtihani nilipewa bibi mmoja mwenye mishipa myembamba kama uzi. Nikaupata mshipa mara moja.

"Una mkono mwepesi, mwanangu," akasema.

Nikaenda kunawa. Nilipokunja mikono ya shati, mwalimu akaziona alama.

"Umeanza lini kujidunga?"

"Ni mazoezi, mwalimu."

"Mazoezi hufanywa na mwenza. Mwenza wako nani?"

Nikawatazama wenzangu. Mmoja tu angesema "hana," ingetosha. Jirani yangu alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nikapelekwa kwa mshauri wa chuo, mama mmoja mpole kwelikweli. Akanisogezea tishu. "Usione aibu," akasema. "Wengi wenu huanza hivihivi."

Wenu.

Akaagiza nipimwe damu, ijulikane ninatumia dawa gani za kulevya. Kijana wa maabara akanifunga mpira mkono wa kulia, akaupigapiga, akaguna.

"Dada, wewe mishipa yako haionekani."

Akanichoma, akakosa. Akachoma tena. Ningeweza kumwonyesha pa kugusa, lakini nilinyamaza. Mwaka mzima nilikuwa nangoja mtu anishike mkono.