Chumba cha Watu Wawili

Karani alipostaafu mahakamani baada ya miaka thelathini na moja, mpango wake ulikuwa mmoja tu: kwenda na mdogo wake kupumzika ufukweni wiki nzima. Waliuzungumza mpango huo tangu wakiwa wasichana. Siku mbili kabla ya safari, simu ikaita.

"Dada, binti yangu amejifungua kabla ya siku zake. Siwezi kumwacha."

"Wala usimwache," Karani akasema. Angekasirikaje? Akaenda peke yake.

Mji ulikuwa mzuri, hakuna ubishi. Maji yalikuwa vuguvugu, upepo uliingia dirishani bila hodi, na hakuna aliyemuuliza faili liko wapi. Lakini jua lilibabua, mchanga ulimfuata mpaka kitandani, na kila alipogeuka watu walikuwa wawili wawili, wakipakana mafuta, wakipigana picha. Yeye aliungua mgongo pale mkono wake usipofika.

Jioni ya kwanza, mhudumu wa mezani alimuuliza, "Mko wangapi, mama?"

"Wawili. Mwenzangu yuko njiani."

Ulimi uliteleza. Yeye, aliyeapisha mashahidi maisha yake yote! Kesho yake mwenzake akawa na mafua, siku ya tatu, amelala. Mhudumu akawa anaweka sahani mbili, na Karani anakula harakaharaka kama mtu aliyefumaniwa.

Siku ya nne aliweka kijiko chini, akamwita mhudumu.

"Baba, ondoa hiyo sahani. Sina mtu. Nilikudanganya."

Mhudumu hakucheka. "Tunajua, mama. Dada anayetandika vitanda alituambia mapema. Kitanda kimoja hakijaguswa."

"Sasa mbona uliendelea kuweka?"

"Niliona ndivyo unavyopenda."

Machozi yakamtoka palepale, supu ikipoa mbele yake. Afadhali wangemcheka.

Alirudi chumbani akampigia mdogo wake.

"Huko kukoje, dada?"

"Kuzuri. Joto tu. Mdogo wangu, nimekukosa mpaka nimeanza kudanganya watu."

"Dada, ngoja, mtoto analia. Nitakupigia."

Hakupiga siku hiyo, wala iliyofuata.

Siku zilizobaki Karani aliingia baharini alfajiri, kabla watu hawajajaa. Alitembea mpaka maji yakamfika kiunoni, akawa anaongea kwa sauti: leo maji yametulia, hebu mwone yule na kofia yake. Kisha ananyamaza kidogo, kama anayesubiri kujibiwa.

Siku ya kuondoka hakwenda kwake. Alipanda basi, safari ya saa tisa nzima, mpaka nyumbani kwa mdogo wake. Mkwe wao, mume wa yule binti, ndiye aliyefungua mlango, kichanga begani, kidole mdomoni kuashiria kimya.

Mdogo wake alikuwa amepitiwa na usingizi kitini, khanga imeanguka, mdomo wazi. Alikuwa amekonda. Karani hakumwamsha. Alivua viatu, akaketi sakafuni karibu na miguu yake, akasubiri.