Hatari za Mtaa Wetu

Binti yangu, mwenyekiti wa chama chetu cha nyumba, alituonya mapema. "Mgeni akija, semeni mazuri tu. Mama, wewe hasa!"

Mgeni alikuwa anatoka mfuko wa pensheni. Fundi cherehani, jirani yangu na mtani wangu, aliposikia mfuko unakuja aliuliza kama una zipu. Tulicheka. Mfuko ukikubali kuweka pesa zake kwetu, tutajenga ghorofa kwenye kiwanja hiki cha chama, tukae kwa kodi tunayoimudu. Ukikataa, kiwanja kitauzwa pajengwe ghala, na kila mtu atashika njia yake.

Akaja mama mmoja mpole, viatu vimejaa tope. Aliponiona nahangaika kukaa kwenye kigoda, alinipa kiti chake, kigoda akakalia yeye. Kisha akaniuliza, "Bibi, hatari za hapa ni zipi?"

Kumbe aliulizia hatari za pesa zao. Mimi ningejuaje?

"Mbwa wa mwenye bucha, mwanangu," nikamjibu. "Na mtaro. Mvua ikinyesha unafurika mpaka vyumbani."

Binti yangu akanifinya mkono.

"Usimfinye mama," mgeni akacheka. "Bibi, mtaro ukifurika wapangaji huhamia wapi?"

"Wahame waende wapi? Wa vyumba vya chini ya mteremko hulala kwa majirani wa juu. Maji yakiisha tunaanika magodoro, na huyu fundi anayashona yaliyochanika."

"Kwa bei kali," fundi akadakia.

"Mwongo wewe! Langu ulilishona bure."

Mgeni akaweka kalamu chini. "Sisi tunachoogopa ni nyumba kubaki tupu," alisema. "Watu wasiohama hata kwa mafuriko ndio tunaowatafuta. Na huo mtaro mngenificha, viatu vyangu vingewaumbua."

Majibu yalipokuja, binti yangu aliingia jikoni mbio akanikumbatia na unga wangu mikononi. Wamekubali, ila mtaro ujengwe kwanza.

"Mama, mdomo wako huo!"

"Si uliufinya mkono, mdomo ukauacha?"

Sasa nakaa mlangoni nikiwatazama mafundi wakichimba mtaro. Mbwa naye amefungwa, wapite kwa amani. Mkanda wake kaushona fundi cherehani, akauwekea kitambaa laini ndani, shingo isichubuke.