Anasubiri Tairi

Mimi sifungi tairi moja jipya kwenye gari linalovuta kwa miguu yote minne. Sifungi hata ukinililia! Jipya lina meno marefu, linasimama juu kuliko wenzake, basi gia zinavutana kutwa nzima mpaka ziungue. Ama ununue manne, ama nikukwangulie hilo moja kwenye mashine lilingane na matatu yaliyolika. Ndivyo nilivyomjibu kaka yangu alipoleta gari lake, tairi limepasuka ubavuni.

"Dada, nifungie hivyo hivyo. Kesho naenda kwa mama."

"Kisu cha mashine kimevunjika. Subiri nipate kingine. Haraka haraka haina baraka."

Mimi na methali zangu! Akaliacha gari juu ya jeki, akanipa ufunguo, akaondoka kwa miguu. Alianguka njiani, hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo.

Mama anaishi mbali, na wakati ule presha ilikuwa imemlaza kitandani. Mimi na wifi yangu, mke wa marehemu, tukakubaliana tumfiche habari ya msiba mpaka apate nafuu. Kila akipiga simu namwambia, "Anakuja, mama. Anasubiri tairi tu." Wiki tatu nzima, maneno hayo hayo.

Asubuhi moja wifi akaingia karakana na begi mkononi.

"Leo tunakwenda kwa mama. Na utamwambia wewe, wewe ndiye mwanawe."

"Ngoja kwanza nifunge tairi."

"Kisu umekipata tangu wiki iliyopita! Njia ya mwongo ni fupi, wifi."

Niliogopa, ndio ukweli wenyewe. Kila nilipolitazama lile gari niliona midomo ya mama ikiuliza.

Kawaida yangu, nikipokea gari hupima meno ya matairi na kuyaandika kwa chaki ukutani, pamoja na kilomita. Ya kaka yalikuwa bado pale: sita, sita, sita. Gari halikutoka, nipime tena ya nini? Nikalikwangua jipya mpaka milimita sita, nikalifunga, nikarudi nyuma kutazama.

Lilikuwa refu. Jicho langu lina miaka ishirini kwenye kazi hii, halidanganyiki kirahisi. Nikapima jipya: sita. Nikapima yale matatu: nne, nne, nne.

"Wifi, ulilitoa gari hili?"

"Kwa tairi lipi? Na ufunguo si unao wewe?"

Kweli, ufunguo nilikuwa nao kwenye droo. Kwenye vumbi la kioo cha mbele ungeweza kuandika jina lako. Nikafungua mlango, nikasoma kilomita. Kuliko zile za ukutani, zilikuwa zimeongezeka elfu kumi na mbili. Wifi akachungulia begani kwangu, akahesabu kwa vidole, midomo inamcheza.

"Ni kwenda kwa mama na kurudi," akasema. "Kila siku."

Jamani, nywele zilinisimama! Nilitaka kukimbia, lakini mikono haikunisikiliza. Kaka aliniomba tairi, nami nilimnyima. Nikalifungua lile jipya, nikalirudisha kwenye mashine, nikalikwangua mpaka nne. Nikalifunga tena, nikakaza nati, nikashusha jeki. Manne yakalingana sawasawa.

Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Mwanangu, kaka yako ndiyo kwanza anafika!" Sauti yake ilijaa furaha. "Siku zote hizi namwona dirishani anapita tu hapo nje, ananipungia mkono, hasimami, nikadhani naota. Leo amesimama."

Gari lilikuwa mbele yangu, mkono wangu uko juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Yuko wapi, mama?"

"Si huyu hapa mlangoni. Namkaribisha, haingii. Anasema tairi amepata, anakushukuru, lakini hapiti kizingiti mpaka wewe uniambie. Haya, uniambie nini?"

Wifi alinishika mkono, wake umelowa jasho kuliko wangu. Nikakaa juu ya lile tairi lililopasuka. Upande wa pili mama alikuwa anacheka kidogo, anamwambia mtu asiwe mgeni, hapa ni kwao.

"Mama, kaa kitako kwanza," nikasema. "Kaka hakuwa anasubiri tairi."