Mzigo wa Mama Sango

Nilikuwa nimefikia kadi ya mia nne, penseli nyekundu mkononi, nikikata katika kamusi yetu ya Kisango, lugha ya nchi yetu, kila neno lililotoka kwa wageni. Mkuu wa ofisi yetu hapa Bangui, Bwana Feidangai, alitaka lugha safi kabla ya kitabu kupigwa chapa. Asubuhi ile tulibishana, akanimaliza kwa kusema, "Asiyetaka kukata atafute kazi nyingine." Basi nikakata. Joto la mchana likanilemea, nikalaza kichwa juu ya kadi, usingizi ukanichukua.

Nikajiona ukingoni mwa mto mpana, nimeshikwa mkono na bibi mpole aitwaye Subira. Mbele yetu mama mmoja alikuwa akipanda kutoka majini, kichwani ana mzigo mrefu kama nyumba.

"Huyo ni Sango," Subira akaniambia. "Alizaliwa kwa wapiga makasia wa mto huu. Wachuuzi walimwita, akaenda. Baadaye wapagazi wa makabila yasiyojuana walipochapwa viboko njiani, yeye ndiye aliyewawezesha kuulizana, 'Umeumia wapi?' Kila aliyetembea naye alimwachia kitu mzigoni."

Juu mlimani palikuwa na mji, na ndani yake watoto wa mama huyo wakicheza kwa makelele. Tukamfuata mama hadi langoni, alikokaa Kiburi, kanzu yake nyeupe pe, ungo wa kupepetea magotini.

"Weka chini vya watu, mtoto wa njiani wewe! Upite na vya kwenu tu."

Mama Sango akacheka. "Baba, walionipa walishakufa zamani. Nimrudishie nani? Wewe?"

"Karani! Mpakue!"

Karani nilikuwa mimi. Nikatoa kitu cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kwa kila kimoja mtoto mmoja mle ndani alinyamaza katikati ya mchezo, mdomo wazi. Nilipotoa cha nne, aliyenyamaza alikuwa binti yangu, Yasime. Alikuwa akiniita, midomo ilicheza, sauti haikutoka.

"Mama huyu hakumwibia mtu," Subira akasema taratibu. "Alivyopewa vimekuwa mwili wake."

Nikaurudisha mzigo, kitu baada ya kitu. Mama akanyoosha shingo, akampita Kiburi bila kumtazama, na makelele ya watoto yakanizindua.

Niliyoyaita maneno ya wageni, Yasime amezaliwa ameyakuta nyumbani. Hana mengine ya kuniitia. Nikachukua kifutio, nikaanza kuondoa alama nyekundu. Saa ya kufunga ofisi ilipofika, Bwana Feidangai akachungulia.

"Unafanya nini wewe?"

"Ninayarudisha, mkuu."

"Nilichokuambia asubuhi unakikumbuka?"

"Nakikumbuka. Leo nimefikia kadi ya sabini. Zilizobaki, kesho."