Jina Nililomtunzia Godefroid

Siku moja baada ya mjukuu wangu wa kwanza kuzaliwa, Godefroid alikuja kwangu Shituru amevaa koti la Jumapili. Ni mkwe wangu, buko kwa lugha yetu, baba wa Sephora, mke wa mwanangu Dan. Kwetu babu wa upande wa baba ndiye anayempa mtoto wa kwanza jina. Na mtoto aliyebeba jina la mtu huamkiwa kama mtu yule mwenyewe.

"Buko yangu," alisema, "minye niko na mabinti tupu. Jina yangu itapotea. Umupatie mutoto."

"Urudie siku ya ine," nilimjibu. "Utasikia."

Mwaka 1989 Godefroid alikuwa msimamizi wetu kiwandani. Nyaya za shaba zilipotea, naye akamtaja tribinali, mbele ya hakimu, mdogo wangu Ludger kuwa ndiye mwizi. Ludger alifia gerezani Buluo, ana miaka ishirini na sita. Baada ya mazishi, dereva wa kiwanda aliniambia kwamba nyaya zile yeye ndiye aliyempelekea Godefroid mwenyewe nyumbani kwake. Mbele ya hakimu dereva huyo alikuwa ameogopa kusema.

Ludger ni jina alilopewa na padri siku ya ubatizo. Likasi nzima sijasikia la pili. Niliposoma shule ya jioni nililitafuta katika kamusi ya majina: ni la kale, la Wajerumani, limeunganisha watu na mkuki. Mkuki wa watu. Sikumpa mtoto wangu yeyote jina hilo. Na Dan alipomleta Sephora, nikajua ni binti wa nani, niliibariki ndoa ile kabla ya wote.

Siku ya nne ndugu wa pande zote mbili walijaa sebuleni. Nikamnyanyua mtoto.

"Anaitwa Ludger."

Mikono ya Godefroid, aliyokwisha kuinyoosha, ilibaki hewani.

"Muamukie, buko," nilimwambia. "Weye ulimujua."

Dada yangu Martine akadakia, "Ao sauti ilibakia ku tribinali?"

Wawili watatu wakacheka, bila kujua.

"Jambo, Ludger," alisema Godefroid kwa shida.

"Haiyaisha," nikamwambia. "Iko neno anangojea tangu Buluo."

"Papa, neno gani?" Sephora aliuliza.

Godefroid alimtazama binti yake, kisha mtoto.

"Ludger," alisema, "zile waya, minye njo nilibeba."

Akanyoosha tena mikono. "Sasa munipatie mutoto."

Nilimkabidhi Sephora mtoto. "Mama yake ataamua."

Sephora akaingia chumbani na mtoto, akafunga mlango kwa ufunguo.

Nilimsindikiza Godefroid hadi barabarani kwa heshima yote ya mkwe. Niliporudi, Martine alikuwa amemimina chai. Nilikunywa vikombe viwili.