Nishani za Mikono ya Dada

Mimi watu huniita Sindano, na dada yangu humwita Bonge. Hakuna aliyewahi kuumiza kichwa kuuliza sababu. Tuna chumba chetu cha ushonaji tangu tukiwa wasichana: mimi nakata, yeye anapinda na kumalizia. Wateja wakitukuta tumesimama pamoja huanza kucheka, na dada huwahi kuwamalizia utani. "Mungu aligawa," husema, "mimi nikapewa na fungu la mdogo wangu."

Mwaka huu, alipotimiza miaka sitini, utani ulianza kumchoma. Binti yake alikuwa amerudi kazini baada ya uzazi, na kila asubuhi alimwachia dada mtoto wake, kasichana kanakotambaa tunakokaita Kifungo. Dada akaapa kwamba lazima apungue ili aweze kumkimbiza mjukuu wake. Basi akaacha kula. Sisemi alipunguza, nasema aliacha: asubuhi chai kavu, mchana tunda, usiku chai nyingine na hasira.

Alikuwa na gauni moja la kazi, la bluu, nililomshonea mwenyewe. Mikono yake ilikuwa ya kubana, lakini kuanzia kifuani lilimwagika pana mpaka chini. Haukupita muda mikono ya gauni ikalegea. Nikaibana, nikakata kilichozidi, na dada akakidaka kile kipande kabla hakijafika sakafuni, akakibandika kwa pini ukutani juu ya cherehani yake.

"Nishani hiyo," alisema. "Asiyeona ana wivu."

Wateja walipiga makofi. Baadaye nikabana tena, akabandika tena, mpaka ukuta ukachanua bluu. Kiuno hatukukipima hata siku moja. Gauni lilikuwa pana, halikulalamika, na tangu zamani dada hataki futi ipite kiunoni mwake. "Hapo mpakani, usivuke," huniambia. Nasi mafundi tuna ugonjwa huo: nguo ikisema umepungua, tunaiamini kuliko macho.

Ni kweli alikuwa anachoka upesi, lakini nani asiyechoka kwa njaa? Tukamlea kama yai. Nikampandishia kiti chake kwa mito miwili asihangaike kuinuka. Kilichoanguka niliokota mimi. Binti yake alipokuja jioni alimshika mkono mmoja, mimi mwingine, "haya mama, taratibu," na dada akainuka kama malkia. Mtoto tulimwekea magotini pake akiwa ameshakaa. Tulijiona watu wenye adabu kupita kiasi.

Siku ile alikuwepo msichana anayetarajia kuolewa, amekuja kujaribu gauni lake. Nilimsimamisha juu ya kijukwaa chetu cha mbao. Uzi mweupe ukaniishia, nikachomoka kwenda duka la pili kununua. Upindo wa gauni la harusi dada hamwachii mtu, hata mimi. Nilipotoka tu akashuka kwenye kiti chake, akaketi sakafuni, pini mdomoni, akaanza kazi. Kifungo alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya meza ya kukatia.

Nilirudi na uzi mkononi nikasimama mlangoni, na macho yakanitoka pima.

Kifungo alikuwa ameamka. Alikuwa ametambaa mpaka chini ya meza ya pasi, ameushika waya kwa mikono yote miwili, anauvuta na kucheka. Pasi ilikuwa ya moto, imeshafika ukingoni. Kati ya mtoto na dada palikuwa na hatua ambazo mtoto wa shule angeziruka. Na dada hakuwa anainuka. Alikuwa ametema pini, amekita viganja sakafuni, anajisukuma. Makalio yakanyanyuka kidogo, yakarudi chini. Akageuka, akapiga magoti, akajaribu tena. Miguu ilitetemeka, ikamwangusha ubavu. Mdomo ulikuwa wazi lakini sauti haikutoka, kisha ikatoka yote kwa pamoja.

"Mtoto! Jamani, mtoto!"

Nasema ukweli, sikusogea. Aliyeruka ni bibi harusi, na gauni lake limejaa pini. Alimnyakua Kifungo kwa kumshika mguu mmoja, na pasi ikaanguka pale pale mtoto alipokuwa amekaa. Zulia la plastiki likaungua, likatoa moshi na harufu mbaya. Kifungo alilia kwa kuporwa mchezo wake. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Kumwinua dada ilibidi tuwe wawili. Alilitazama lile tundu jeusi kwenye zulia, akalitazama, mpaka nikaliwekea kiti juu.

Mchana huo huo nilimpeleka hospitali, Kifungo mgongoni mwangu. Nilijua wataniambia ni kiharusi. Daktari, mama mmoja wa makamo, alimpima shinikizo la damu, akampa vidole vyake viwili avibane kwa nguvu, kisha akamwomba akunje mikono kifuani na ainuke kwenye kiti. Dada alijaribu. Hakuinuka. Hakuinuka hata kidogo. Ndipo daktari akachukua futi akavuka mpaka, akaipitisha kiunoni.

"Kabla hujaanza kufunga, kiuno kilikuwa ngapi?"

Mimi fundi wake sikujua. Dada akalitaja shati lake la zamani, lile lililomkaa barabara kiunoni kwenye harusi ya binti yake, na upana wake naukumbuka maana nililikata mimi. Kiuno kilikuwa kile kile.

"Mafuta hayajaenda mbali," daktari alisema, bila kumkaripia. "Kilichoondoka zaidi ni misuli. Umri unaila, kukaa kunaila, na kufunga hivi bila mayai, bila maharage, bila samaki, kunaimaliza. Mtu akiwa mnene, kupungua huko hakuonekani. Anaonekana ana mwili, kumbe mwili hauna wa kuubeba."

"Lakini mikono ilipungua," nilimwambia kama mjinga. "Tulishangilia."

"Hiyo mikono ndiyo ilikuwa inakwambia, mama."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisema methali hiyo maisha yangu yote nikiwa na mkasi mkononi.

Daktari alituambia misuli hurudi hata kwa mwenye miaka sitini, ila hairudi kwa kukalishwa. Ale, na kila siku ainuke na kukaa, ainuke na kukaa, mtu akiwa karibu.

Jioni binti wa dada alikuja chumbani kwetu kumchukua mtoto. Aliingia na furaha zake, akatazama ukuta. "Vipi mama mdogo, leo hamjabandika nishani?"

Dada alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Mito nilikuwa nimeiondoa.

"Kesho usimlete mtoto," alisema.

"Mama, kwa nini?"

Akamweleza yote, pasi, waya, zulia. Hakujitetea. Binti alimkumbatia Kifungo mpaka mtoto akalalamika, kisha akasogea na kumnyooshea dada mkono mmoja, kama tulivyozoea. "Haya mama, inuka twende ukapumzike."

"Usinishike."

"Mama..."

"Mmenishika vya kutosha. Nyote wawili. Rudi nyuma."

Akakunja mikono kifuani. Akainama mbele. Miguu ikatetemeka, akanyanyuka kiasi cha kiganja, akarudi chini kwa kishindo. Nilipiga hatua moja kabla sijajua kwamba nimeipiga. Alinitupia jicho, nikarudi ukutani, na vile vipande vya bluu vikanigusa shingo.

Jasho lilimtiririka. Akainama tena.

Binti yake alikuwa analia, amemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. Yangu niliifunga nyuma ya mgongo na kuibana kwa nguvu zangu zote isiende kumsaidia.